Maji Tohara, Lakini Je, Ni Salama?



Ndugu wasomaji wapenzi, mtoto wa Kiislamu anapoingizwa katika darasa la fiqhi, mlango wa kwanza anaofunguliwa ni mlango wa maji. Kabla hajafundishwa Sala, wala Saumu, wala Zaka, hufundishwa maji: yapi yafaa kutawadhia, yapi hayafai, na ni kitu gani kinachoyaharibu. Sisi tumekwisha pita miaka hamsini ya umri, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tumeikalia mkeka wa madrasa hapa Ulemo, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Mlango huo tumeusomesha mara nyingi hata hatuhitaji tena kufunua kitabu.

Twawaambia watoto kwamba maji yana sifa tatu: rangi, utamu na harufu. Maji mengi yakiingiwa na najisi, hutazamwa sifa hizo. Ikibadilika mojawapo, maji yamenajisika. Zisipobadilika, yamebaki tohara. Hiyo ni elimu ya haki, na Waislamu wameishi kwayo zaidi ya miaka elfu. Lakini tumeona kwamba watu wengi huibebesha elimu hiyo mzigo usiokuwa wake. Mtu akisha kuambiwa kwamba maji ni tohara, hudhani ameambiwa kwamba ni salama kwa mwili. Hayo ni mambo mawili. Tohara ni hukumu ya ibada. Usalama ni habari ya mwili, nao una mizani yake. Maji yaweza kuwa meupe kama kioo, matamu, yasiyo na harufu yoyote, yakafaa kutawadhia bila ya shaka, na huku yakamdhuru anayeyanywa kila siku. Katika makala haya tumekusudia kueleza jambo hilo, kwa sababu katika mkoa wetu si habari ya mbali.

Mwalimu wa tajwidi hana budi kuyatazama meno ya wanafunzi wake. Herufi ya thaa na ya dhaal hutoka kwenye ncha ya ulimi ikikutana na ncha za meno ya mbele ya juu. Na ya faa hutoka baina ya meno hayo na mdomo wa chini. Mtoto asiyetaka kufunua kinywa hawezi kuzitoa herufi hizi sawasawa. Basi katika miaka yetu ya kusomesha tumepata watoto kutoka sehemu mbalimbali za mkoa ambao husoma huku wameziba vinywa kwa kiganja au kwa ncha ya mtandio. Ukiwaambia waondoe mkono, waona sababu. Meno ya wengine yana michirizi myeupe kama chokaa. Ya wengine yamegeuka rangi ya kahawa. Na ya wachache yametoboka vijishimo kama jiwe lililoliwa na mvua. Wenzao huwacheka. Watu wazima husema kwamba hawapigi mswaki. Tulimwona binti mmoja, hodari sana wa kuhifadhi, aliyekuwa akiyasugua meno yake kwa mchanga na mkaa mpaka fizi zikatoka damu. Hakuwa na kosa lolote binti huyo, wala mama yake hakuwa mchafu. Rangi ile haikuwa juu ya jino; ilikuwa ndani yake, nayo iliingia kabla jino halijaota.

Kitu kinachofanya hivyo huitwa floraidi. Ni madini yaliyomo katika miamba, na maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi huyayeyusha kidogo kidogo. Miamba iliyotokana na volkano katika Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na miamba ya matale kama hii inayoonekana kila upande katika Singida nayo aghalabu huwa nayo. Mahali penye ukame huzidi, kwa kuwa mvua ni chache na jua huyakausha maji likayaacha madini. Kwa hiyo Singida hutajwa pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga katika mikoa ya Tanzania yenye tabu hii. Huko Arumeru, chini ya Mlima Meru, kuna mto na kata iitwayo Maji ya Chai, na maji ya upande ule yamejulikana siku nyingi kwa wingi wa floraidi. Ndugu zetu wa Kenya wanayo Nakuru na Naivasha, na Wahabeshi wanayo katika bonde lao. Bara Hindi pia lina mamilioni ya watu wenye mtihani huu.

Si kwamba floraidi ni adui kwa kila kiasi. Kidogo chake huyatia meno nguvu yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa za meno. Ubaya wake ni kuzidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchi yetu, kwa uchache wa maji vijijini, mwaka 1974 iliruhusu kwa muda mpaka miligramu 8 katika lita. Baadaye kiwango kikateremshwa hadi 4, na sasa ni 1.5 kama ulimwengu. Msomaji atafakari maana yake. Wako wazee waliokunywa, kwa idhini ya wakati ule, maji ambayo leo hayaruhusiwi. Maji hayakubadilika, wala miili haikubadilika. Kilichopatikana ni nafasi ya kudai maji bora zaidi.

Jino la mtoto hujengwa ndani ya ufizi tangu uchanga mpaka kiasi cha miaka minane. Katika muda huo floraidi ikizidi katika damu, gamba la jino haliumbiki vizuri. Mzazi haoni kitu, kwa sababu meno ya utu uzima hayajatoka. Yanapotoka, mtoto akiwa na miaka saba au minane, ndipo deni linapodaiwa, na deni hilo halilipiki kwa mswaki wala kwa mkaa. Mtu mzima aliyehamia mahali hapo, meno yake yakiwa yamekwisha ota, hayageuki hivyo. Kwa sababu hiyo watu husema, "Mbona sisi twayanywa maji hayo hayo na meno yetu meupe?" Jibu lake ni kwamba wao walilelewa kwa maji mengine.

Na baada ya meno huja mifupa. Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa yake hujaa madini hayo ikawa mizito na migumu bila ya kuwa na nguvu. Viungo huuma, mgongo hukakamaa, na watoto wengine hupinda miguu kwa matege mabaya. Hali ikifika mwisho, mtu hawezi kugeuza shingo wala kuinama. Sisi tunaosali tutaifahamu tabu hiyo upesi: ni mtu asiyeweza kurukuu wala kusujudu, na maradhi yake hayakumjia kwa uzee bali kwa mtungi.

Hapa yatupasa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Akina mama wengi, Mungu awalipe kwa bidii yao, wamefundishwa kuchemsha maji, nao huchemsha. Kuchemsha ni jambo jema sana, maana huua vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara na vya homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu. Haina uhai, basi haiuawi. Maji yakichemka, mvuke huondoka na floraidi hubaki, ikawa kiasi kile kile katika maji machache zaidi. Kadhalika kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi, wala dawa ya klorini, wala kuweka maji juani. Anayechemsha aendelee kuchemsha, lakini ajue amejikinga na adui mmoja tu.

Na liko jambo la jikoni. Katika sehemu nyingi za bara watu hutia magadi katika maharage na mboga ngumu ili ziive upesi na kuokoa kuni. Wataalamu waliochunguza magadi ya kaskazini mwa Tanzania wamekuta kwamba mengine yana floraidi nyingi. Basi nyumba yaweza kuwa na maji ya wastani, na floraidi ikaingia kwa njia ya sufuria. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila ya magadi.

Ndugu wasomaji, floraidi ina mwenzake aliye hatari zaidi, naye ni aseniki. Hiyo ndiyo sumu ambayo zamani watu waliitumia kuulia panya, nayo pia hukaa katika miamba na kuingia katika maji bila ya rangi, utamu wala harufu. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu katika lita, yaani sehemu moja ya mia moja ya miligramu. Mtu anayeinywa kila siku haanguki wala hatapiki. Hupita miaka mingi, aghalabu kiasi cha kumi au zaidi. Kisha ngozi yake huota madoa, viganja na nyayo zikawa ngumu zenye vinundu, na mwisho wake huweza kuwa saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu.

Mfano wake mkubwa umetokea kwa ndugu zetu Waislamu wa Bangladesh. Zamani walikunywa maji ya mabwawa na mito, na watoto wao wakifa kwa kuhara na kipindupindu. Katika miaka ya 1970 serikali yao na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa walieneza visima vya bomba, na baadaye wenyeji wenyewe wakachimba vingi zaidi, mpaka vikafika mamilioni. Watu walishukuru, maana maji yalikuwa meupe na ya baridi. Yalipimwa vijidudu, aseniki haikupimwa, kwa kuwa hakuna aliyeifikiria. Ng'ambo ya mpaka, katika Bengal Magharibi ya India, wagonjwa walianza kutambuliwa mwaka 1983. Na mwaka 1993 ikathibitika kwamba visima vya Bangladesh navyo vina aseniki. Mwaka 2000 wataalamu walioandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba baina ya watu milioni 35 na milioni 77, katika taifa la watu milioni 125, walikuwa katika hatari. Ndipo mamilioni ya visima yakapimwa kimoja kimoja, vibaya vikapakwa rangi nyekundu na vizuri rangi ya kijani. Na katika kijiji kimoja ilionekana kisima chekundu na cha kijani vikiwa karibu karibu. Jirani hakuwa dalili ya jirani yake.

Huku kwetu Afrika Mashariki aseniki si tabu ya kuenea kama ile. Walakini miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa na aseniki ndani yake, na uchunguzi uliofanywa karibu na machimbo ya dhahabu ya upande wa Ziwa Viktoria umekuta baadhi ya maji yakizidi mpaka. Nasi Wanairamba hatuna haja ya kuambiwa dhahabu ni nini. Sekenke iko humuhumu wilayani kwetu. Wadachi walianza kuchimba dhahabu yake mwaka 1909, na mwaka 1916, katika vita, waliifulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Mpaka leo wachimbaji wadogo wako katika sehemu zile, na zebaki wanayokamatia dhahabu nayo ni sumu. Hatusemi kwamba maji ya mahali fulani ni mabaya. Twasema kwamba palipo na machimbo, maji yapimwe kabla ya kunywewa, na floraidi ikipimwa basi na aseniki ipimwe.

Huenda msomaji akauliza, "Mambo haya ya madini yamehusu nini wanazuoni?" Yamewahusu tangu zamani. Katika kitabu kidogo cha Abu Shuja, ambacho vijana wengi wa madhehebu ya Shafii huanzia, maji yamegawanywa mafungu manne, na fungu la pili ni maji yaliyo tohara na yenye kutoharisha, lakini ni makuruhu kuyatumia: nayo ni maji yaliyoota jua. Sababu waliyoitaja wanazuoni si najisi. Walichelea kwamba maji yaliyopata moto wa jua katika chombo cha madini, katika nchi ya joto, humletea mtu mbalanga. Wengine, akiwamo Imam Nawawi, hawakuikubali karaha hiyo, kwa kuwa madhara yenyewe hayakuthibitika kwao. Lakini tazama vizuri: waliokubali na waliokataa wote walikuwa wakizungumza juu ya madhara kwa mwili. Wote walijua kwamba maji yaweza kuwa tohara na bado yakawa na neno. Basi ikiwa fuqahaa waliyafikiria maji kwa shaka ya mbalanga, sisi tutafanyaje kwa jambo lililopimwa na kuonekana katika mifupa ya watu? Mwili ni amana. Kujidhuru kumekatazwa, na kumdhuru mwingine kumekatazwa zaidi, hasa mtoto ambaye hana hiari ya kuchagua mtungi.

Yalitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wetu, ambacho jina lake twalihifadhi, mambo tuliyoyashuhudia. Mtu mwema aliyeko mjini alifiwa na mama yake, akataka kumchimbia kisima karibu na msikiti kiwe sadaka yenye kuendelea. Wachimbaji walikuja, maji yakapatikana, na yaliporuka kwa mara ya kwanza watu walipiga takbiri. Kijana mmoja, mwalimu wa sayansi, akauliza kama yamepimwa. Wazee walikasirika. Walisema kwamba mtu akikuletea zawadi, huitii katika mizani mbele yake. Sisi tukaitwa tuamue.

Mzee wao akatuuliza, "Maalim, maji haya ni tohara au si tohara?"

Tukamjibu, "Ni tohara, babu. Tawadheni."

Akasema, "Basi na ya kunywa ndiyo hayo hayo."

Tukamwambia, "La, babu. Tohara twaijua sisi. Sumu waijua wa maabara. Yapelekwe kwanza."

Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa upande wa wanawake akasema, "Maalim, mwasema tungoje majuma matatu. Mwajua ni ndoo ngapi hizo kichwani mwangu?" Neno lile lilituchoma, maana lilikuwa la haki. Anayesema "ngojeni" aghalabu si yule anayebeba ndoo. Tuliafikiana kwamba maji yale yatumike kwa kutawadha, kuoga na kufulia, ili safari za kwenda mbali ziwe za maji ya kunywa na kupikia tu. Na vijana wenye baiskeli wakapewa zamu ya kuyaleta hayo mpaka karatasi irudi.

Karatasi ikarudi. Vijidudu hapana, floraidi imezidi mpaka. Msikiti ukanyamaza. Wako waliosema kwamba kijana yule ana ulimi mbaya, kama kwamba yeye ndiye aliyetia madini ardhini. Tukampigia simu mwenye sadaka. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa thawabu za mama yangu zimepotea?" Tukamwambia kwamba nia yake ipo kwa Mwenyezi Mungu, na mlango haujafungwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba atatia mifereji katika paa la msikiti na la madrasa, na matangi ya kuhifadhi mvua. Kile kisima hakikufukiwa. Pampu yake ilipakwa rangi nyekundu, nayo hutumika kwa udhu, kwa kufua na kwa kufyatulia matofali, maana floraidi hiyo haidhuru kwa kuoga wala kwa kusukutua na kutema. Lakini tusifiche: mwisho wa kiangazi, matangi yanapokauka, ziko nyumba zinazorudi kuyanywa. Kazi haijaisha.

Kwa hiyo twawaomba wote wanaochimba visima kwa ajili ya marehemu wao, na wanaokusanya michango ya jambo hili katika miji na ng'ambo, watie gharama ya kupima ndani ya sadaka tangu mwanzo. Seyyidna Uthman alipokinunua kisima cha Ruma pale Madina kwa ajili ya Waislamu, alinunua maji yaliyojulikana kwa utamu wake. Hakununua shimo. Sadaka ya kisima ni maji mazuri, na uzuri wake huthibitika kwa kupimwa. Ziko maabara za Wizara ya Maji, na tangu 2019 ipo RUWASA, wakala wa maji vijijini, yenye ofisi katika wilaya. Kamati ya msikiti iende huko na barua, iulize namna ya kuchukua maji katika chupa safi na gharama yake.

Na nyumba ifanye nini? Kwanza, mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi wala aseniki. Paa la bati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 lina mita za mraba 50. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka hulimwagia lita 30,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayopotea, zabaki lita 24,000. Nyumba ya watu 7, kila mtu lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, yahitaji lita 35 kwa siku. Na kiangazi cha siku 210 ni lita 7,350. Basi tangi la lita 8,000 lawatosha. Asiye na uwezo huo aanze na watoto: wawili wenye chini ya miaka minane, lita 3 kila mmoja kwa siku, wahitaji lita 1,260 tu kwa kiangazi chote. Wenye nyumba za tembe, ambazo hazikingi mvua, washirikiane na msikiti au shule yenye bati. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe isafishe paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe.

Pili, maziwa ya mama. Hata mama anapokunywa maji yenye floraidi, ni kidogo sana kinachopita katika maziwa yake. Kwa hiyo kunyonyesha kwa ukamilifu ni ngome ya mtoto, na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji mabaya ni kinyume chake.

Tatu, kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kiko kituo cha serikali cha kutafuta njia za kuondoa floraidi, na njia mashuhuri waliyoieneza ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa kipimo maalumu, ambayo hunasa floraidi maji yanapopita. Tumeulizwa hukumu yake. Kwetu sisi Mashafii, mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi, na moto hautoharishi najisi. Na maji yaliyo chini ya kulla mbili, yaani kiasi cha lita mia mbili na kitu, hunajisika kwa kuguswa tu. Ndoo ya kuchujia ni ndogo kuliko hivyo. Mahanafi wana rai nyepesi zaidi juu ya mfupa na juu ya kitu kilichogeuka kwa moto. Njia ya kutoka katika hitilafu ni nyepesi: mifupa ikusanywe katika mabucha ya nyama iliyochinjwa kisheria, na wanaotengeneza waulizwe wameitoa wapi. Tena isichomwe nyumbani kwa kubahatisha, maana isipochomwa vizuri huharibu harufu na utamu wa maji. Na mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena. Kadhalika iko njia ya shabu na chokaa iliyotokea India, nayo yataka vipimo vya mtaalamu. Si ya kukoroga kwa kukisia.

Vijana wetu, neno la mwisho ni lenu. Msimcheke mwenye meno ya kahawia. Mlichokiona kinywani mwake ni habari ya kisima, wala si habari ya tabia yake. Na wazazi wanaotafuta wachumba, wasimkatae binti mwenye dini na elimu kwa rangi iliyoingia kabla hajajua kusema. Wakitaka kweli kumsaidia, mganga wa meno mwenye ujuzi aweza kuyafunika meno hayo.

Na kijana aliyepata kusoma sayansi asione haya kuuliza mbele ya wazee, kwa adabu. Nasi waalimu, tukifika katika mlango wa maji, tuongeze swali moja baada ya rangi, utamu na harufu: je, yamepimwa?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe maji yaliyo tohara na salama, awape nguvu wanaoyabeba vichwani, na azikubali sadaka za wanaoyatafuta. Amin. Wabillahi tawfiq.